Beji za Rangi, Beji za Kioo

Mwanangu, sogea karibu kidogo, sauti yangu siku hizi haifiki mbali. Iko siku moja ambayo nikifumba macho naiona yote. Mama mmoja kutoka upande wa Kagongwa aliingia karakana ya baba yangu pale Ngokolo, akaniwekea kipande cha shaba kiganjani, akasema, "Soma." Nikakigeuza huku na huku. Hakikuwa na cha kusoma. Na kilikuwa kazi ya mikono yangu.

Nikueleze kwanza tulifikaje hapo.

Baba yangu, Fundi Athumani, alikuwa sonara. Ukoo wake ulitoka pwani, mama yangu alikuwa Msukuma wa hapa hapa Shinyanga, nami nilikuwa mtoto wao wa pekee. Macho ya baba yalipoanza kufifia, mimi ndiye niliyekaa mbele ya tanuri. Watu walisema sana. Walisema mkono wa mwanamke unaharibu kazi ya moto, walisema sitaolewa. Baba aliwajibu kwamba moto haujawahi kumuuliza mtu kama ni mke au mume. Basi nikajifunza, na nilipofika miaka ishirini na mmoja nilikuwa natengeneza bangili, hereni, na kitu kilichokuwa kigeni kwetu enzi zile: beji za enameli za kubandika kifuani kwa pini.

Miaka hiyo vijana wetu wengi walikwenda kuchimba dhahabu upande wa Geita. Kule mgodini mtu hakuwa na jina. Alikuwa namba, na namba yenyewe ilikuwa kwenye kibati alichovaa shingoni. Wachimbaji wakaanzisha chama chao cha kuzikana, na katibu wao, kijana mmoja mpole aitwaye Masanja, akaja kwetu kwa lori.

"Shikamoo, Fundi," alisema. "Tunataka beji arobaini. Mbele kuwe na sururu kwenye rangi ya kijani, na chini yake jina la kila mwanachama. Mtu akifia kule chini, tujue tunamzika nani."

Baba alimkalisha, akamweleza bila haraka, kama ninavyokueleza wewe. Iko beji ya kugonga tu: unachonga sura kwenye chuma kigumu, unaweka bati la shaba juu yake, unapiga nyundo mpaka sura inaingia, kisha unaisugua ing'ae. Haina rangi yoyote. Iko beji ya rangi: baada ya kugonga, yale mabonde yaliyobaki unayajaza rangi ya mafuta, unaikausha kwa joto la chini. Ukiipapasa kwa kidole utasikia kingo za shaba zimesimama juu ya rangi. Ni nzuri kwa mtu wa ofisini. Na iko beji ya kioo, ambayo mabonde yake yanajazwa unga wa kioo, ikaingia tanurini mara mbili, mara tatu, kioo kikayeyuka na kuishika shaba.

"Ipi inavumilia jasho na maji ya mgodini?" Masanja aliuliza.

"Ya kioo."

"Basi ya kioo."

Wiki ile ile baba aliitwa Tabora kumwona ndugu yake mgonjwa. Aliniachia kazi, akanisisitizia nisubiri shaba nyekundu iliyokuwa inakuja kwa treni. Mimi sikusubiri. Palikuwa na shaba ya njano karakana, nikaona shaba ni shaba. Nikagonga tatu, nikazijaza kioo, nikazichoma. Zilipopoa kioo kilipasuka, vipande vikaruka kama maganda ya yai. Shaba ya njano haikai na kioo, mwanangu, na baba alikuwa ameniambia. Niliona aibu. Niliwaza majirani watakavyocheka wakisikia binti Athumani ameshindwa siku ya kwanza aliyoachwa peke yake. Basi nikachukua rangi. Nikazijaza zote arobaini rangi ya kijani, majina nikayaandika juu yake kwa brashi nyembamba, nikapaka vanishi. Zilipendeza, usifanye mchezo. Masanja alipokuja kuzichukua alizishika kwa mikono miwili, akaniita fundi. Nikaipokea sifa ile.

Miezi michache baadaye mwamba uliporomoka mgodini, ukamfunika mtu mmoja. Alipotolewa hakutambulika. Shingoni alikuwa na kibati cha mwenzake, kwa sababu mwenzake aliamka na homa, naye akaingia kwa namba yake ili yule asifukuzwe kazi. Kifuani alikuwa na beji yangu. Jasho na maji yale ya chumvichumvi yalikuwa yameibambua rangi yote. Wakamzika kwa jina la mgonjwa. Siku ya tatu mgonjwa akaamka, akatoka nje ya kibanda, akasikia kwamba amekufa.

Aliyekufa aliitwa Luhende. Chama walijua. Lakini msimamizi wa mgodi, Mzungu mmoja mrefu, alisema kitabu chake kimeshaandikwa: namba fulani amekufa, na Luhende ametoroka kazi. Mama yake alipofika kumtafuta, aliambiwa mwanawe ni mtoro.

Ndiye huyo mama aliyeingia karakana na beji ile, aliyopewa na chama.

"Mayu," nilimwambia, ndivyo tunavyowaita mama zetu kwa Kisukuma, "hapa hakuna kitu."

"Ndivyo walivyoniambia na kule. Kwamba hakuna kitu." Hakupaza sauti. "Mwanangu aliniambia ana beji yenye jina lake. Aliniambia, mama, hata nikifa utanipata. Wewe ndiye uliyeitengeneza?"

"Ndiyo, mayu."

"Ulijua itafutika?"

Baba alikuwa amekaa pale pale, amesharudi. Ningeweza kusema sikujua. Nilisema, "Nilijua."

Alikichukua kile kipande kiganjani mwangu. Kisha akasema, "Huna ubaya, binti. Ulitaka kusifiwa tu. Na mwanangu amelala kwa jina la mtu mwingine."

Mwanangu, nimewahi kutukanwa, nimewahi kupigwa. Hakuna kilichoniuma kama maneno yale. Nilitaka kulia, baba akanizuia. "Machozi baadaye," alisema. "Washa tanuri."

Nikazifanya upya zote. Safari hii shaba nyekundu. Kila jina nililichonga kwa patasi ndogo ndani ya shaba yenyewe. Kioo nilikitwanga kinuni, nikakiosha mpaka maji yakatoka safi, nikakipanga kikiwa kibichi kwa ncha ya unyoya, kijani kwenye uwanja, cheupe kwenye majina. Nyuma nako nikapaka kioo, kwa sababu ukichoma upande mmoja tu shaba inajikunja na kupasua. Tanurini kinageuka chekundu, halafu kinatulia kama maji. Kikipoa kinakuwa kimebonyea, unakijaza tena, unachoma tena. Mwisho unakisugua kwenye jiwe la kunoa mpaka shaba na kioo vinakuwa sawasawa chini ya kidole, kisha kinarudi motoni mara ya mwisho kupata mng'ao. Viganja vyangu vilichunika. Nilifanya arobaini, na ya Luhende nikaifanya ya kwanza.

Kabla sijazipeleka, Masanja akatuma habari: msimamizi amepiga marufuku beji yoyote isiyo ya kampuni. Atakayeionyesha atafukuzwa.

"Utafanyaje?" baba aliniuliza.

"Nitazipeleka."

Tulipanda lori, mimi na Mama Luhende. Asubuhi ya siku ya tatu ya safari tulisimama kwenye mdomo wa shimo, watu wakipanga mstari kuingia. Nikaanza kuita majina. Kila aliyeitwa alitoka, Mama Luhende akambandika beji kifuani kwa mkono wake. Msimamizi alikuja mbio, mkalimani nyuma yake.

"Anasema mzivue," mkalimani alisema.

Hakuna aliyevua. Yule Mzungu akamgeukia mama, akaona beji ya Luhende kifuani pake, akaichomoa. Akatoa kisu mfukoni, akalikwaruza jina kwa nguvu zake zote. Akakwaruza tena. Ncha ya kisu iliteleza.

"Mwambie aendelee," nilimwambia mkalimani. "Tuna siku nzima."

"Dada, sitamwambia hivyo."

"Basi mwambie hilo jina ni Luhende. Ndiye mliyemwandika mtoro. Hakutoroka, yuko pale kaburini, na huyu ni mama yake."

Hilo alilitafsiri. Masanja akakaa chini, juu ya mawe. Mwingine akakaa. Wakakaa wote thelathini na tisa, na wengine wasio wanachama wakakaa nao. Jua likapanda. Niliogopa, sitakudanganya, lakini sikuondoka pale niliposimama. Karibu na adhuhuri msimamizi alimrudishia mama beji yake, akasema wazivae ndani ya shati kama lazima wazivae, sasa waingie kazini.

Kitabu chake hakukibadilisha. Nasikia mpaka mgodi ule unafungwa Luhende alibaki mtoro humo ndani. Mama yake alichukua bamba la shaba nililomchongea lenye jina la mwanawe, akalisimamisha kaburini, akaketi hapo mpaka nilipomwita turudi. Njiani hakunishukuru, wala sikutegemea. Tulipofika Kagongwa, alipokuwa anashuka, alinishika mkono uliochunika akautazama, akasema, "Hivi ndivyo ungefanya tangu mwanzo." Akaenda zake.

Sasa nisikilize. Unapoijua kazi, unajua pia mahali ambapo macho ya mteja hayafiki. Hapo ndipo pafanye vizuri zaidi. Ukishindwa, sema nimeshindwa, wacheke wanaocheka, hawajawahi kuua mtu kwa kicheko. Ukikosea, usijifiche, rudi mbele ya wale wale uliowakosea, na kazi yako mkononi. Na akitokea mwenye nguvu akakwambia watu wako hawana majina, usimwamkie, usimwombe. Yataje mbele yake, kwa sauti, moja baada ya jingine, na usiondoke mpaka umemaliza.

Mungu akupe mikono isiyoona aibu kuanza upya, akupe na magoti yasiyokunjwa na binadamu. Nenda, mwanangu. Nimekuridhia.