Mechi Zangu Tatu za Barafuni

Niliichezea timu ya taifa ya mpira wa magongo wa barafuni mechi tatu, na katika hizo tatu nilianguka mara nyingi kuliko nilivyougusa mpira. Nasema mpira kwa mazoea tu. Chenyewe ni kisahani kizito cheusi, ukubwa wa kifuniko cha kopo la maziwa. Naandika haya kwa sababu hapa Tanga habari zangu zimekwisha kusimuliwa na kila mtu isipokuwa mimi, na wanaosimulia hunipunguzia hata zile sifa chache nilizonazo.

Tulikuwa timu ya taifa kwa sababu hakukuwa na nyingine. Kocha wetu alikuwa mtu wa Maramba aliyeishi miaka mingi nchi za baridi. Aliporudi akatangaza kwamba anatafuta wachezaji, tukajitokeza tisa. Mimi nilikuwa beki wa mpira wa magongo wa kawaida, ule wa kwenye nyasi, tena beki wa akiba. Akaniuliza kama naijua barafu. Nikamjibu kwamba mama yangu anauza barafu za ubuyu nyumbani kwetu Makorora tangu sijazaliwa. Akacheka, akaandika jina langu. Mpaka leo sijui kama nilichaguliwa kwa kipaji changu au kwa jokofu la mama.

Kiwanja cha barafu hatukuwa nacho, kwa hiyo tulifanya mazoezi katika ghala kuukuu la mkonge, ambalo sakafu yake ya saruji ililainika kwa miaka ya kuburutiwa marobota. Robota moja lilisahauliwa mle ndani, karibu na mlango, na ndilo lililokuwa jukwaa letu la watazamaji, ingawa watazamaji wenyewe hawakuwapo. Tulivaa viatu vya magurudumu na kuwashwa shingo na vumbi la mkonge. Kocha alinifundisha kazi moja tu: mshambuliaji akija na kisahani, mpige kikumbo cha bega, akae chini. Mchezo huu unaruhusu, alisema. Nikawapiga vikumbo wenzangu vizuri kabisa. Wote walikuwa wadogo zangu au rika langu, na hakuna aliyelitia hilo maanani, mimi nikiwa wa kwanza.

Baba yangu ni fundi mstaafu wa bandarini. Enzi zake alichezea kandanda timu ya mkoa mpaka goti likamkatalia. Kwake yeye mchezo ni huo mmoja, na mtu mzima aliyevaa magurudumu ni mtu aliyeshindwa kununua baiskeli. Kila alasiri anakunywa kahawa na wenziwe kwenye baraza iliyo mwendo wa dakika kumi tu kutoka ghalani, lakini hakuwahi kukanyaga pale. Jambo hilo liliniuma kuliko nilivyoonyesha. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, nina mke na watoto wawili, na bado nilitaka baba yangu anitazame nikicheza.

Siku ya safari ya Nairobi, ambako tulisikia kuna barafu ya kuchezea ndani ya jengo, aliniombea dua, akanipulizia kichwani, kisha akasema, "Shindeni hata mechi moja. Mkishinda nitakuja hapo ghalani kuwatazama."

Nitaje na jambo moja la malezi, maana ndilo lililoniponza. Nikiwa na miaka kumi hivi nilimpita mzee wa mtaa kwa baiskeli bila kumwamkia. Habari ikafika nyumbani kabla yangu. Baba akanirudisha papo hapo. Nikapiga pedeli mpaka mwisho wa mtaa, nikamkuta mzee mwenyewe kasinzia kitini. Ilibidi nimwamshe ili nimpe shikamoo yake, na aliipokea kwa hasira. Tangu siku hiyo sijampita mtu wa rika la baba nikiwa nimefunga mdomo.

Nilidhani baridi naijua, kwa kuwa niliwahi kulala kule Amani, milimani, wiki nzima kwa sweta moja. Barafu ya Nairobi ilinitoa ujinga. Viatu vyake vina visu chini badala ya magurudumu, na visu havijui kusimama. Mechi ya kwanza nilicheza nimeshika ukuta wa pembeni tangu mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayeupaka rangi. Kipa wetu, ambaye ni mtu mkweli, aliacha kuhesabu magoli kipindi cha pili. Mechi ya pili kocha alinipongeza kwa sababu niliuachia ule ukuta mara mbili kwa hiari yangu.

Kwa mechi ya tatu wenyeji walituhurumia, wakatupangia timu ya mchanganyiko, yeyote aliyekuwa na viatu. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo nikamkuta mmoja wao anafunga kamba, mzee wa ndevu nyeupe. Nikamwamkia.

"Marahaba," akasema. "Weye watoka wapi?"

Nikamwambia Tanga, na kwamba kwa mama ni Moa.

"Miye mtu wa Vanga," akasema. Vanga na Moa zinatenganishwa na mpaka tu. "Basi u mwanangu hasa."

Akafungua leso, akanipa tende mbili. Nikazila, nikashukuru, tukaingia uwanjani.

Sijui ilikuwaje, lakini tuliongoza mbili kwa moja. Wenyeji walikuwa wakicheza huku wanacheka, nasi hatukuwa na nafasi ya kucheka. Ikabaki dakika moja. Mimi tayari nilikuwa nimeshamwona baba ghalani. Nilikuwa nimeshamchagulia hata pa kukaa, juu ya lile robota karibu na mlango, mkongojo kauweka magotini. Ndipo kisahani kikamfikia yule mzee wa Vanga, akaja nacho upande wangu, polepole, mgongo kauinamisha.

Ilikuwa kazi yangu ile ile moja. Niliinua bega. Nyuma yangu nilimsikia kocha akiniita nimpige. Nikamtazama mzee usoni, ndevu zile nyeupe, tende zake bado ziko tumboni mwangu, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," akasema. Alipunguza mwendo kabisa akaniitikia vizuri, kama inavyotakiwa. Nami nikasogea kumpisha, tena kwa kuinamisha kichwa kidogo. Akapita, akafunga. Filimbi ikalia tukiwa sare.

Kocha hakunifokea. Alikaa karibu nami tukivua viatu, akaniuliza, "Angekuwa kijana, ungempiga?"

"Ningempiga."

Akatikisa kichwa, akaendelea kufungua kamba. Kwao Maramba nako watu wanaamkiana, nadhani ndiyo maana alinielewa. Hakunipanga tena. Alinipa cheo cha kutunza magongo na kufagia ghala, nami nikakipokea, maana kilikuwa cheo cha kwanza nilichokiweza.

Habari ilifika Tanga kabla yangu, kama kawaida. Nikipita barazani, wazee wa kahawa, watu wenye wajukuu, wananyanyuka kidogo vitini na kuniambia, "Shikamoo, beki." Wanacheka mpaka vikombe vinamwagika. Baba peke yake hakucheka. Alikuwa akitazama kahawa yake, na nilitamani hata angecheka. Nilipomwambia nyumbani kwamba tulitoka sare, alijibu, "Nimesikia. Sare si kushinda." Nikajua hatakuja. Niliona aibu, na aibu yenyewe haikuwa ya kufungwa goli, ilikuwa ya kumwangusha baba.

Zikapita wiki mbili. Alasiri moja nilikuwa peke yangu ghalani, nimevaa magurudumu ili nifagie haraka, nikasikia mkongojo unagonga saruji. Baba alikuwa amesimama mlangoni, anaitazama sakafu.

"Huyo mzee alikuja upande upi?" akauliza.

Nikamwonyesha.

"Na weye ulisimama wapi? Haya, kasimame. Leta hicho kisahani."

Nikakiweka miguuni pake. Akakisukuma kwa mkongojo, kidogo kidogo, goti lake bovu likimvuta upande, akanijia. "Mimi ndiye huyo mzee," akasema. "Nizuie." Nilikuwa tayari, maana safari hii nilijua mtego uko wapi. Alipobakiza hatua moja, akasimama, akanikazia macho.

"Huamkii?"

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," akasema, akanipita, akakisukuma kisahani katikati ya magongo mawili tunayoyafanya goli.

Kisha akanigeukia na kunifokea kama alivyozoea kuwafokea mabeki akisikiliza mpira redioni. "Mtu unampokonya kwanza. Filimbi ikilia ndio unakwenda kumwamkia, unamshika mkono, unambebea na mkoba wake. Kwanza mpira, kisha adabu. Nani alikufundisha kinyume?"

Sikumtajia aliyenifundisha.

"Tena," akasema.

Alinifunga mara nne, na mara zote nne nilimwamkia. Mara ya tano niliuma meno, nikaweka bega langu kwenye bega lake, taratibu, nikakivuta kisahani. Akayumba. Nikamdaka mkono, nikahisi ulivyokuwa mwepesi.

"Shikamoo," nikasema.

Aliitikia huku anahema. Akautupia jicho mlango, akaliona lile robota, akaenda akaketi juu yake na kuuweka mkongojo magotini.

"Haya," akasema. "Sasa cheza, nikutazame."