Pipa la Urukususu

Shemeji yangu alikuwa fundi saa, na msinichekeshe kwa kuniuliza ni nani anayetengeneza saa siku hizi. Watu walileta. Saa za ukutani za kurithi, saa za mkononi zilizoingia maji, hata redio alipelekewa, akazikataa kwa madaha kama daktari bingwa. Kibanda chake kilikuwa na upana wa mlango, kati ya duka la rangi na kinyozi, na humo alikaa miaka yote, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni. Alikuwa mume wa dada yangu mkubwa. Kwa kuwa walizaa mapacha, mtaa mzima ulimwita Baba Pacha, lakini kwangu alikuwa Shemeji, na tulitaniana mpaka wageni wakadhani tunagombana.

Udhaifu wake ulikuwa mmoja: urukususu. Ule mzizi mtamu, wa manjano ndani, ambao watu huutafuna kikohozi kikiwabana. Utotoni mwake, mama yake alikuwa mjane aliyefua nguo za watu, na kila wiki akishalipwa alimletea mwanawe kipande kimoja cha urefu wa kidole. Kimoja tu. Shemeji alikitafuna kutwa mpaka kikawa nyuzi tupu, usiku akakiweka chini ya mto, asubuhi akaendelea nacho.

"Siku ambayo hatukuwa na kitu," alituambia, "ule mzizi ndio ulikuwa mchana wetu na jioni yetu. Mama anaugusa kwa ncha ya ulimi, anasema ameshiba. Ameshiba nini, maskini ya Mungu!"

Hadithi hiyo nimeisikia mara ngapi? Niacheni tu. Ningeweza kuisimulia huku nimelala.

Vitu vya madukani hakuvitaka. Zile peremende nyeusi aliziita tairi la baiskeli. Mizizi ya wauza dawa ilikuwa mikavu, imejaa vumbi la gunia, akaitema. Basi dada yangu, ambaye akipenda hupenda kichwa kichwa, akamsumbua muuza mizizi mmoja mpaka mtu wa watu akamtafutia kipande kibichi chenye macho ya kuchipua. Dada akakata pipa la mafuta katikati, akalitoboa chini, akajaza mchanga na samadi, akakipanda huko nyuma ya jiko, chini ya kamba ya nguo.

Mmea wenyewe hauna sura ya kujivunia. Vijani vidogo vidogo vinavyolegea jua likizama, basi. Lakini una jeuri: mpaka upite mwaka wa tatu ndipo mzizi unakuwa mzizi, ukichimba mapema unapata kuni. Na Shemeji, mtu wa kukaa siku nzima na gurudumu dogo kuliko punje ya mchele, kwa hili hakuwa na subira hata kidogo. Tulimkuta amechutama anafukua kwa bisibisi ya saa.

"Baba Pacha! Hebu acha!" Dada akafoka.

"Naangalia tu kama uko hai."

"Uko hai. Wewe ndiye utakuwa maiti ukiugusa tena."

Tulicheka sana wakati ule.

Siku ya kuchimba ilipofika, Dada alilipindua pipa zima. Mizizi ilikuwa imezunguka humo ndani kama kamba, minene kama kidole gumba. Aliosha mmoja, akaukwangua, akampa. Shemeji akatafuna. Alikaa juu ya ndoo, machozi yakamtoka, mtu mzima mwenye mvi, na Dada akamvuta kichwa akakiegemeza tumboni kwake. Nilimwonea dada yangu wivu, nasema kweli. Ni nani kati yetu amewahi kumrudishia mtu utoto wake?

Tangu hapo alikuwa na mzizi mmoja shavuni akiwa kazini, mwingine kwenye chai badala ya sukari, mwingine kando ya kitanda. Dada alipanda vipande vilivyobaki, pipa likazaa mapipa, na ule mmea ukishashika ardhi haukuagi. Mama mtu alimpa kidole kimoja kwa wiki kwa sababu hakuwa na zaidi. Dada alikuwa nao tele, na yeye si mtu wa kupima anapompa mumewe.

Baadaye miguu ya Shemeji ikaanza kuvimba. Kichwa kikamuuma. Kliniki wakasema presha, chumvi marufuku. Basi mngemwona dada yangu! Kopo la chumvi lilitupwa siku ile ile. Akagombana na kinyozi kwa sababu alimgawia mgonjwa karanga za chumvi. Jioni alimnusa mdomo kama anayemnusa mlevi. Chakula kikawa hakina ladha hata kwa njaa. Shemeji alikula matonge mawili, akasukuma sahani, akanyoosha mkono kuchukua mzizi ili apate utamu mdomoni.

"Angalau kuna kitu anatafuna," Dada alisema. "Tena hii ni dawa."

Sote tulisema ni dawa. Chumvi ilivyopungua, ndivyo mizizi ilivyozidi, na presha ikawa inapanda tu. Kisha mikono ikamlegea. Kibano kilimponyoka, skrubu zikatawanyika sakafuni, akawa anazitafuta kwa magoti huku mteja amesimama. "Skrubu za siku hizi zinateleza," alisema. Haikupita muda akafunga kibanda.

Asubuhi moja alianguka bafuni, tukamkimbiza hospitali. Upande mmoja wa uso ulikuwa umepooza. Dada alilala sakafuni chini ya kitanda chake, na nilipokuja kuwatazama nilimletea alichoniagiza: chupa ya chai, na mizizi iliyofungwa kwenye leso. Daktari aliyepita wodini, binti mpole, alimkuta Shemeji anatafuna taratibu kwa upande wake mzima.

"Baba, unatafuna nini?"

Daktari akauchukua, akaunusa, akaukunja mpaka ukapasuka. Aliuliza anautumia tangu lini. Dada akamjibu, kila siku, mwaka wa ngapi sasa. Yule binti akatueleza bila ukali wowote kwamba mzizi huu ukiliwa kwa wingi unafungia chumvi na maji mwilini visitoke, unapandisha presha, halafu unakausha madini yanayoipa nguvu misuli, na moyo nao ni msuli. Kidogo mara moja moja hakina neno. "Lakini mingi hivi mliipata wapi?"

Shemeji akawahi kujibu. Ulimi ulikuwa mzito, ila tulimsikia sote. "Nanunua mwenyewe. Kwa siri. Mke wangu hajui ninakoipata."

Dada alikuwa amesimama na ile leso mkononi.

"Anadanganya, daktari. Nimepanda mimi. Nimechimba mimi. Nimemlisha mimi, na hii nimeagiza aletewe mimi."

"Mwanamke mbishi huyu," Shemeji akamwambia daktari, akijaribu kucheka kwa nusu ya mdomo. Akashika pindo la kanga ya mkewe, akalishikilia.

Alikufa siku ile ile. Moyo ulisimama tu, na dawa zao hazikuwahi.

Msibani watu walimsifu Dada. Mke wa kweli, walisema, alimkataza mpaka punje ya chumvi. Bibi mmoja alipumua akasema kikulacho ki nguoni mwako, akiizungumzia presha, na siku hiyo niliwachukia wahenga wote. Dada alijaribu kuwaambia. Mara mbili alisema, "Ni mimi niliyemlisha," nao wakamkumbatia wakasema majonzi yamemzidi, alazwe.

Ni mwaka sasa. Dada hali wala halali vizuri. Juzi nilimkasirikia, maana huruma yangu hutoka kwa hasira.

"Dada, basi! Alikusamehe pale pale, mbele ya daktari, mbele yangu. Unataka nini tena?"

"Hilo ndilo linaloniua," akasema. "Angenitukana tu, mdogo wangu. Ningekuwa na la kumjibu."