Shati Linalonuka Petroli

Shati la mwanangu linanuka petroli, na pikipiki hana.

Hapa hapa Karatu, nilipokuwa mdogo, kaka yangu alirudi siku moja na viatu vipya, akasema kapewa na mtalii. Mama alimnusa mikono tu. Kesho yake akajitwisha sufuria ya makande, akanishika mkono hadi nyuma ya gereji, walikokaa vijana waliokuwa wakiiba mafuta kwenye magari ya watalii. Kaka alikuwa nao.

"Mama, nani kakutuma?" mkubwa wao akauliza.

"Njaa yenu. Kuleni, wanangu."

Alirudi kila mchana, hadi yule mkubwa akahama kijiwe, na kaka akaanza kumbebea Mama ile sufuria.

Nimelirudisha shati kwenye msumari. Nimeinjika makande, mengi kuliko tunavyoweza kula.