Inamia Huku, Ndipo Uvuke

Asubuhi ya baridi Addis Ababa, na Zenebech Tadele ameshatia filimbi mdomoni kabla hajamaliza kutafuna shayiri yake ya kukaanga. Taa ya waenda kwa miguu inageuka kijani. Akina mama waliojitanda netela, shuka nyeupe za kanisani, wanashuka barabarani kwa pamoja.

"Songa, emaye, songa mama yangu! Salamu umeshatoa huku! Usisimame hapo!"

Bibi mmoja anasita kidogo katikati, anacheka kama aliyefumaniwa, kisha anaendelea. Wote wanafika ng'ambo. Zenebech anashusha pumzi.

Kivuko hiki kina shida yake ya peke yake. Kanisa la Mariamu liko juu kilimani, lakini jengo jipya la vioo limeliziba. Ukiwa kando ya barabara huoni kitu. Ukifika katikati ya mistari myeupe, jengo linakwisha, na kuba la kanisa linatokea lote na msalaba wake. Hapa mtu halioni kanisa akapita kana kwamba ameona duka. Anasimama, anafanya ishara ya msalaba, anainama.

Akiinuka, taa imeshageuka.

Madereva nao ni walewale. Wa mbele anainamisha kichwa juu ya usukani wakati kijani kinawaka. Wa nyuma, ambaye kanisa hajaliona bado, anampigia honi na kumtukania ukoo mzima. Dakika moja baadaye anafika pale pale, na yeye anainama.

Zenebech, mama wa watoto wawili, ni mwaka wa nane sasa akiwa msimamizi wa kivuko hiki. Mshahara wa birr elfu sita kwa mwezi unaishia kwenye kodi na unga wa teff. Hata hivyo anasema hajawahi kuamka akichukia kuja kazini, isipokuwa mwanzoni.

"Nilikuwa napuliza filimbi mpaka masikio yananiuma," anasema. "Watu wakawa wananiambia, 'Wewe umekuwa mlokole nini? Tangu lini kumsalimia Mariamu kukawa kosa la barabarani?' Mimi! Niliyebatizwa hapo hapo juu!"

Msimu wa mvua uliopita, Askale, bibi anayeuza mishumaa kwenye lango la kanisa, aliinama katikati ya kivuko kama kawaida yake. Magari yakawashiwa kijani. Pikipiki ikachomoka kati ya magari mawili na kumwangusha. Alivunjika mkono.

Ofisi ya barabara ikatoa onyo: akigongwa mtu mwingine, kivuko kinafungwa kwa vyuma, na watu watatumia daraja la juu lililoko karibu na soko. Lile daraja lina ngazi ndefu, zimesimama kama ukuta.

"Ngazi zile nitapandishwa na nani, malaika?" anauliza Askale. "Wangefunga hapa, na mimi ningefunga biashara."

Zenebech alipanda kilimani kumwona Abba Kinfe, padri wa kanisa hilo. Abba akamsikiliza, na Jumapili akahubiri kwamba Mariamu anamwona mtu hata akiwa nyuma ya vioo, kwa hiyo kila mmoja ainamie kando ya barabara wakati taa ni nyekundu. Waumini wote wakaitikia. Jumatatu wote wakainama katikati.

"Tulimsikia," anajitetea Askale. "Lakini jicho likishaona, shingo inainama yenyewe."

Ndipo Abba akashuka mwenyewe na msalaba wake wa mkononi, akasimama ukingoni. Watu wangeubusu msalaba, wangeridhika, wangevuka bila kusimama. Hayo ndiyo yalikuwa matarajio.

Ikawa foleni. Kijani kikawaka, kikapepesa, kikazima, hakuna hata mmoja aliyevuka, kwa sababu nani atoke kwenye foleni ya baraka? Dereva wa teksi, Dereje, akatoa kichwa dirishani.

"Abba, na mimi! Nibariki upesi, taa isigeuke!"

"Nenda, wewe! Kijani hicho!" Zenebech akampigia kelele.

"Nikienda bila baraka nikagonga mtu, utajibu wewe?"

Nyuma yake honi zikalia hadi chini bondeni. "Nilitaka kulia," anakumbuka Zenebech, "nikajikuta nacheka. Abba naye anacheka, ndevu zote zinatikisika."

Siku ya pili walikubaliana namna nyingine. Abba alisogea nyuma, akaegemea ukuta, mbali na ukingo. Taa ikiwa nyekundu, anautoa msalaba. Kijani kikiwaka, anauficha ndani ya joho. Watu wakabaki hawana la kufanya ila kuvuka. Na kwa kuwa walikuwa wameshasalimia, walipofika katikati shingo zikatulia.

Ilichukua wiki kadhaa. Siku hizi Abba haji tena. Vijana wa kanisa wametundika picha ya Mariamu ukutani, na watu wanaiinamia wakingoja.

Wiki iliyopita mkaguzi wa ofisi ya barabara alikuja, akasimama asubuhi nzima akiwatazama wanaovuka. Alimwona Askale akimvuta shati kijana mwenye vidude vya muziki masikioni.

"Rudi, wewe! Huoni kijani kinapepesa? Kikipepesa huanzi safari, unangoja!"

Mkaguzi alipoondoka alimwambia Zenebech kwamba vyuma havitawekwa, na kwamba ataomba kijani cha waenda kwa miguu kirefushwe, kwa ajili ya wenye fimbo.

Sasa sikukuu ya Mariamu ya Hidar, mwezi wa Kiethiopia unaoangukia Novemba, inakaribia. Miaka yote Zenebech huipitisha hapa, mgongo kwa kanisa, uso kwa magari. Mwaka huu ameomba ruhusa, na amepewa. Netela yake ameshaifua.

"Nitasimama kando kama watu wengine, ningoje taa yangu, nivuke na emaye Askale mpaka juu," anasema. Kisha anacheka, anaziba mdomo. "Naogopa kitu kimoja tu. Nikifika pale katikati, nikaliona."

Askale, anayengoja taa pembeni yake na kikapu cha mishumaa, hata hageuki.

"Nitakusukuma," anasema.