Uhuru na Nini

Watu wakiona maandishi kwenye mkono wangu wa kushoto huuliza kwanza kama yaliuma. Wachache huuliza yalinigharimu nini. Hao ndio wenye akili, na ndio ninaowakwepa.

Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa upande wa Mtinko, kipya kabisa. Nyumba zilipangwa kwa mstari, zote zinafanana, na wengine wetu tulikuwa bado tunakosea milango. Kamati ilikuwa inatafuta mtu wa kuuza katika duka la kijiji litakalofunguliwa. Niliitaka kazi ile kuliko nilivyowahi kumtaka mke. Muuza duka angesamehewa shamba la pamoja, angekaa kivulini, na sukari ingepita mikononi mwake kabla ya kufika kwa mtu mwingine yeyote. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, najua kusoma na kuandika, na jembe na mimi hatukuwa tunapatana.

Wenzangu walioitaka nafasi ile walikwenda kulima kwa bidii ili waonekane. Mimi niliona hiyo ni njia ndefu. Niliamua kuchanjwa mkononi maneno UHURU NA KAZI, ili siku ya mkutano nikunje tu mkono wa shati, watu wajue kwamba siasa imeniingia hadi kwenye ngozi.

Mchanjaji alikuwa mama mmoja mjane wa nyumba ya mwisho. Zamani aliwachanja watu alama usoni. Vijana walipoanza kuziona za kishamba, alihamia kwenye herufi, ingawa hakujua kusoma hata moja. Unaandika mwenyewe kwa mkaa, yeye anafuata kwa sindano na masizi ya koroboi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na sindano? Zangu zimeisha ncha, na madukani hakuna."

Aliugeuza mkono wangu huku na huku kama mtu aliye mnadani. Herufi iliyonyooka ilikuwa nafuu. Yenye mzunguko ilikuwa ghali, maana ilimchosha. Penye nyama bei ilishuka, penye mfupa ilipanda kwa sababu watu huruka. Na ukilia unaongeza yai. Kule mjini kila kitu kilikuwa na bei moja na hakikuwepo. Kwa mama huyu bei zilikuwa kumi, na kitu kilikuwepo.

"Hili la mwanzo lina mizunguko, ndilo ghali," alisema akitazama mkaa wangu. "Hili la mwisho ni vijiti vitupu. Ila limeangukia kwenye mfupa wa kifundo."

Tulipatana kuku wawili. Alipomaliza UHURU NA, nilikuwa nadaiwa mayai matano juu yake. Akapumzika, akaniuliza kwa upole, "Na haya unayataka ya nini, mwanangu?"

Ningekuwa na akili ningesema naipenda nchi yangu. Nilisema nataka duka.

Akaweka sindano chini. "Basi bei si hiyo. Anayechanjwa kwa ajili ya mpenzi analipa kuku, majuto atayalipa mwenyewe mbele ya safari. Anayechanjwa kwa ugonjwa halipi. Anayechanjwa ili apate kitu kwa watu, huyo ni mbuzi."

Mbuzi sikuwa naye. Nikamsogelea, nikanong'ona, "Mama, nikipata duka nitakuletea sukari kilo mbili, kwa mlango wa nyuma."

"Sukari ya nani?" aliuliza. Akazifuta sindano nilizokuja nazo, akanirudishia.

Nilikwenda mkutanoni hivyo hivyo. Zamu yangu ilipofika nikakunja shati, nikauinua mkono. Wanawake wa darasa la elimu ya watu wazima, ambao wakati ule walisoma kila walichokiona hata magunia, wakaanza kwa pamoja: "U-hu-ru na..." Wakainua shingo kulitafuta neno la mwisho.

"Na nini?" mmoja akauliza.

Uwanja mzima ulicheka. Nilisikia aibu inanipanda mpaka masikioni, nikamnyooshea kidole mchanjaji, nikapaza sauti: "Si kosa langu! Huyu mama amekataa kumalizia, hata nilipomwahidi sukari ya dukani!"

Kicheko kilikatika. Mwenyekiti akanitazama. "Sukari ipi, ndugu?"

Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Wangu uliponza duka zima. Kabla mkutano haujafungwa, mama yule alichaguliwa kuuza dukani. Mzee mmoja alipinga kwamba hajui kusoma. Akajibiwa, "Atajifunza. Huyu anayejua kusoma tumeshamsoma."

Nililima shamba la pamoja misimu mingi, na kijiji kizima kiliniita Na Nini. Mama alinipimia sukari sawa na watu wote, bila kinyongo, na hilo liliniuma kuliko sindano. Kila aliyeniuliza nilimwambia kilichonishinda ni bei tu, bei ya yule mama.

Mwishowe nilipata mbuzi, nikampeleka kwake. Siku hizo alikwishajua kusoma.

"Hilo neno unalitaka la nini sasa?" aliuliza.

"Sitaki kitu mama. Nimechoka kuulizwa."

Alifikiri kidogo. "Basi ni bure. Mfunge mbuzi wako hapo, utaondoka naye. Kaa."

Nikakaa. Alichoma kijiti cha kwanza cha ile K, kutoka juu kushuka chini, juu ya mfupa mtupu. Nilipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia tena. Mbuzi alikata kamba akatimua mbio, nami nikatimua nyuma yake. Mpaka leo nasema nilikuwa namkimbiza mbuzi.

Sikurudi. Mkono wangu unasomeka UHURU NA, halafu kijiti kimoja. Wajukuu huniuliza kijiti hicho ni nini. Nawaambia ndiyo kazi yote niliyoiweza, na ilikuwa ya bure.