Keki za Karoti na Harufu ya Petroli

Amida alifunua sufuria. Keki zilikuwa zimeumuka vizuri ndani ya makopo ya sardini, juu ya mchanga wa moto, karoti zikichungulia huku na huku. Lakini harufu ile. Petroli?

Sasa fikiria mwenyewe. Mbabula yake, lile jiko la makaa, aliiwasha kwa kitambaa kilicholowa petroli, yaani mafuta ya taa. Mikono ilinuka, kitenge kilinuka. Pengine ni hiyo tu. Ila mafuta ya kupikia aliyanunua dukani kwa Daudi, na Daudi ana faneli moja: anamiminia mafuta, anamiminia petroli, huku akipiga soga.

Angeonja, angejua. Lakini ulikuwa mwezi wa Ramadhani, jua bado liko juu, na Amida alifunga. Wamama wengine huonja kwa ncha ya ulimi, kisha wanatema. Yeye alijaribu mwaka jana, mchuzi ukateremka wenyewe, akalia mpaka jioni. Na mtoto wake Yusufu, ambaye bado hafungi, hafai kuulizwa: huyo hata dawa ya minyoo anaiita tamu.

Mwaka jana huo huo alipeleka msikitini, kwa futari, keki mbichi katikati. Mama Saumu alibonyeza moja, kidole kikazama, akasema, "Hii si gato, iko potopoto." Tangu siku ile Amida ni Mama Potopoto, yaani Mama Matope, hata sokoni, hata mbele ya wakwe. Leo, kwa futari ya jioni, alitaka kulifuta jina hilo. Zikinuka petroli, watampa lingine.

Ulimi wa kweli ulikuwa mmoja tu, nyuma ya ua: Tshiela, mama yake Katende, Mkristo wa Kasai asiyejua kumpamba mtu. Lakini walikuwa hawasemeshani. Bata wa Tshiela walifukua kitalu cha karoti cha Amida, Amida akarusha jiwe, na bata mmoja tangu hapo anachechemea.

Amida akatia keki moja kwenye sahani, akaenda.

"Hodi, Mama Katende."

Tshiela alikuwa anatwanga sombe, yaani kisamvu. Hakuinua macho. "Leo umejua njia ya kwangu? Hauna mawe?"

"Niko na gato. Naomba unionjee. Nasikia kama iko petroli ndani, na minyi niko nafunga."

"Kumbe petroli iniue minyi mbele, kiisha bantu ba musikiti bakule muzuri."

"Mama, tafazali. Jua inashuka."

Tshiela akaipokea, akainusa, akaimega. Akatafuna polepole, akimtazama yule bata kiguru. Hapo ndipo Amida alipoona hatari yenyewe. Huyu mama anaweza kusema lolote. Akisema mbaya, keki zote zinaenda shimoni. Akisema nzuri, kumbe mbaya, jioni hii hii ni aibu mbele ya watu wote. Na yeye atajuaje?

"Mbona unanyamaza?"

"Acha nimeze. Minyi sifungi."

Akameza. Akainuka, akaenda mkekani alipokaa mama yake mzazi, kikongwe asiye na jino hata moja, ambaye Tshiela humwonjea hata chai kabla ya kumpa. Akamega kipande, akakitia mwenyewe mdomoni mwa mama.

"Kula, mama. Iko laini."

Kikongwe akamung'unya, akafumba macho, kisha mkono ukanyooka kuomba tena. Tshiela akampa yote iliyobaki.

Amida akashika mchi uliosimama kinuni.

"Basi haina petroli?"

"Petroli iko mu mikono yako. Enda unawe na sabuni mbele ya kubeba sahani za bantu. Na ule bata wangu, utamuletea karoti."

"Karoti yote imeisha mu gato, Mama Katende." Amida alikuwa ameshafika kwenye ua, kitenge amekishika mkononi apate kukimbia. "Imebakia majani tu."

"Majani iko muzuri," akasema Tshiela, akarudi kwenye kinu chake.