Walioishi Bondeni Kabla ya Reli

Mwanangu alipotumwa na mwalimu kuuliza nani waliishi Bondeni kabla ya reli, hakuja kwangu. Alienda kwa jirani yetu Mmaasai, muuza maziwa. Nilikuwa nikifua, nikawasikia.

"Babu wa babu yangu alinywesha ng'ombe hapa," jirani alimwambia. "Wakalenjin walishuka kutoka milimani na mtama, wakaubadilisha kwa mbuzi wetu."

Mwanangu alimkodolea macho kwa furaha. Wivu ulinikaba. Babu yangu mimi aliletwa na reli kutoka magharibi.

"Una bahati, jirani," nilisema. "Hapa ni kwenu."

"Wazee wetu walifukuzwa wote na Wazungu," akajibu. "Babu yako amezikwa hapa. Babu zangu sijui walikozikwa."

Nilimhurumia, lakini wivu haukuisha. Nikamwita mwanangu aje tuanike nguo.